Nyapara wa Mishono

Mimi Marietha hasira zangu ziko karibu, na kazi iliyopinda siivumilii. Ndiyo maana wanawake wa chumba chetu cha ushonaji pale Mponde walinifanya mwenyekiti. Na ndiyo maana mpaka leo nikisikia cherehani ikilia, moyo unanipasuka.

Ilikuwa mwaka 2003. Soko huria lilikuwa limepamba moto, kila mtu akitafuta cha kuwauzia watalii wa Lushoto, na sisi tulishona mifarishi, yale mablanketi ya viraka yenye pamba katikati. Kitambaa kinatandazwa kwenye fremu, cherehani ya umeme inapakiwa kwenye kigari cha reli, nawe unasimama na kuisukuma kwa mikono miwili. Sindano ilikwenda kasi ileile siku zote. Ukisukuma taratibu mishono inakuwa mifupi, ukiharakisha inarefuka.

Wifi yangu Jenoveva, mjane wa kaka yangu, alikuwa na mguu mmoja mbovu. Alisukuma akichechemea, na mishono yake ikachechemea naye: mfupi, mfupi, mrefu. Alikuwa akimshonea mfarishi binti yake Elinuru, kwa sababu tulijiwekea desturi kwamba siku ya kuagwa kwenda kuolewa, binti atafunikwa kwa kazi ya mkono wa mama yake. Alikuwa amefika nusu alipougua.

Wiki hiyohiyo marafiki wa usharika wetu wa kanisa walituletea kifaa kipya. Kilikuwa na kigurudumu kidogo kinachobana kwenye reli, na waya unaokwenda kwenye mota. Ukienda mbio, sindano inakwenda mbio. Ukisimama, nayo inasimama. Mishono yote inatoka sawa kama punje za mchele. Tulikiita nyapara, kama yule wa shambani anayetembea nyuma ya wachuma chai.

Mama mmoja mwenye duka mjini aliahidi kuja Ijumaa kuona kazi. Fremu tulikuwa nayo moja tu, na iliyokuwa juu yake ni kazi ya Jenoveva. Nikaona aibu. Nikachukua wembe, nikafumua mishono yake yote ili nishone upya kwa nyapara. Uzi wenyewe nikausokota, nikautia ndani ya kopo la majani ya chai na kulifunga kwa kamba, maana uzi uliofumuliwa hatuutupi.

Alhamisi Jenoveva akajikongoja kuja kutuona. Akapitisha kiganja juu ya kitambaa kitupu, kutoka mwanzo hadi nusu.

"Basi sikupita hapa," akasema.

Akageuka, akajikongoja kurudi kwake, nami sikushona tena. Ijumaa mvua ikaziba barabara, yule mama hakuja. Siku ya kumi baada ya hapo tukamzika Jenoveva. Nikauvua mfarishi kwenye fremu, nikaukunja, nikaufungia kabatini.

Mwaka uliofuata Elinuru akachumbiwa.

"Shikamoo, shangazi. Mama aliniambia amefika nusu. Naomba unimalizie nusu iliyobaki, ila ile yake usiiguse."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. Nilimdanganya kwa kunyamaza.

Nikautandaza tena, nikawasha nyapara, nikaanza mwanzo kabisa. Nilisukuma kwa mwendo mmoja, magoti yangu mazima. Ukungu ulikuwa umejaa dirishani. Nilipoinama kutazama, nikaona: mfupi, mfupi, mrefu.

Nikamwita fundi Kassimu. Akafungua kigurudumu, akakisafisha, akajaribu kwenye tambara. Sawasawa kabisa.

"Mgosi, bwana, jaribu hapa," nikamwonyesha mfarishi.

Akasukuma mwenyewe, mara moja tu. Akatazama, akakusanya bisibisi zake. "Mama, mashine ni nzima," akasema, akaondoka bila kunywa chai.

Nikaendelea peke yangu, nikilia. Mstari kwa mstari ulichechemea, hadi pale alipokuwa amefika Jenoveva. Hapo nyapara akatulia, na nusu ya pili ikatoka kama mchele.

Elinuru alipokuja kuuchukua, alifumba macho, akapapasa kwa kidole. Katikati akasimama.

"Mama aliishia hapa," akasema, machozi yakimtoka.

Ningeweza kunyamaza. Angeolewa, angefurahi, nami ningebaki na siri yangu. Lakini ningemtazamaje siku ya kuagwa? Nikamwambia yote: wembe, aibu yangu, kiganja cha mama yake juu ya kitambaa kitupu. Akanikazia macho.

"Unasema uongo, shangazi. Huu ni mkono wa mama."

"Uzi wake ninao," nikasema. Nikalitoa kopo kabatini. Kifuniko kilikuwa kimekaza vilevile, na kamba niliyolifungia haijaguswa. Nikakifungua mbele yake.

Lilikuwa tupu. Hata kipande kimoja cha uzi hakikuwamo.

Elinuru akatazama ndani ya kopo, kisha akanitazama mimi.  Akajifunika mfarishi mabegani.

"Sasa niambie kweli, shangazi. Nani ameshona hapa?"

"Mama yako," nikamjibu. "Amepita hapa."