Shavu la Dobi

Dobi wa hoteli hakuuamini mkono. Mkono wa dobi, alisema, umeungua mara nyingi mno, haujui tena baridi wala joto. Kwa hiyo kila shuka alilomaliza kulipiga pasi alilikunja, akainama, akalaza shavu la kushoto juu yake na kutulia kidogo. Likiwa bado na unyevu, shavu lilisema. Likiwa kavu, alilipandisha kwenye rafu na kuvuta jingine. Alionyeshwa mtindo huo mwanzoni mwa mwaka, siku aliyoanza kazi pale, na dobi aliyekuwa anastaafu, mtu mwenye vifuko vyeusi chini ya macho aliyeweza kusinzia wima kama mwiko. Hakumuuliza amepatwa na nini.

Shida ilikuwa usingizi. Alilala mapema, godoro zuri, tumbo limeshiba, akaamka amechoka kuliko alivyolala. Ndoto zilimjia mfululizo, na hata moja haikuwa yake. Alifanya mtihani wa hesabu bila suruali. Alikimbizwa na mbwa wa watu. Alitoa hotuba kwenye harusi ambayo hakumjua bwana wala bibi, na siku nyingine alijifungua mapacha, akashinda anashika kiuno mpaka adhuhuri. Binti yake, fundi viatu aliyeishi naye, alimuuliza kila asubuhi huku akimmiminia chai, "Baba, umelala?"

"Nimefumba macho," alijibu dobi.

Chanzo alikijua siku alipopishana ngazini na mgeni mjamzito, mchangamfu kweli kweli, akimsimulia dada wa mapokezi kwamba usiku wa kwanza aliota anajifungua mapacha, lakini tangu wambadilishie mashuka ndoto hiyo haijarudi. Dobi akaelewa papo hapo. Ndoto za wageni zilibaki kwenye mashuka, sabuni haikuziweza, pasi ilizipasha moto tu, na shavu lake likazinywa. Basi, ndivyo mambo yalivyo, akaendelea na foronya.

Kilichomuuma kilikuwa kingine. Mke wake, aliyefariki mwaka juzi, alikuwa na kawaida ya kumjia ndotoni kila Alhamisi, wakakaa mlangoni wakipiga soga na kuwasengenya majirani mpaka kunapambazuka. Tangu aanze kazi hotelini, mama huyo hajaonekana hata mara moja. Nafasi ilijaa wageni. Dobi alimkosa mke wake mara ya pili, na ya pili ilimuuma kama ya kwanza.

Akaacha kutumia shavu, akarudia kiganja. Haikupita wiki, wageni wakaanza kushuka asubuhi wamevimba macho na kununa. Mmoja alilalamika kwamba mbwa wamemkimbiza usiku kucha, na chumba amelipia. Meneja, dada mpole mwenye haraka zake, akamwita dobi ofisini. Akamsikiliza mwanzo hadi mwisho, akiitikia kwa kichwa. Hakubisha hata neno.

"Mzee wangu, nakuelewa kabisa," alisema. "Ila wageni wanakuja hapa kulala. Rudisha shavu."

Dobi akaomba basi wapokezane zamu na wenzake, mashavu hotelini si haba. Meneja akasema hilo litajadiliwa. Jioni akamletea zawadi ya mto mpya, laini, na kesho yake kibao kikatundikwa mapokezi: Kwetu utalala usingizi wa pono. Dobi akarudisha shavu. Mapacha nao wakarudi.

Binti ndiye aliyepata wazo. Sandukuni kulikuwa na shuka la maua la mama yake, limekunjwa tangu msiba. Kama wageni wote wanapitia shavuni, alisema, mama naye apitie huko huko, hana sababu ya kubaki nje.

Alhamisi dobi akalibeba kazini. Alingoja amalize ya wageni yote, ndipo akalipiga pasi polepole, akakunja, akalaza shavu. Lilikuwa kavu kabisa. Alipoinuka, ikabidi alipige pasi upya.

Usiku huo mkewe akaingia, kilemba kimekaa upande, amenuna.

"Bwana wee, nimesukumana na watu huko nje utadhani tunagombea viti," alisema. "Wageni wote hawa ni wa nani?"

Alipoelezwa alicheka mpaka akashika ukuta. Hata hawajakaa, mbwa hao. Akamshika mumewe mkono wakatimua mbio, yeye mbele. Kwenye mtihani alimnong'oneza majibu, yote ya uongo. Harusini alicheza na bwana harusi. Mapacha walipofika, yeye ndiye aliyewapokea.

Asubuhi dobi aliamka hoi bin taabani, macho mekundu kama pilipili.

"Baba, umelala?"

"Sikupata hata lepe," alisema, meno yote nje. "Mama yako anakusalimu."

Binti akamwongezea sukari kwenye chai, akageuka upande kufuta macho.

Kazini alikuta hoteli imefungua ghorofa nyingine. Mashuka yalikuwa yamerundikwa karibu yaguse dari, na habari za zamu hakuna aliyezigusa. Dobi akawasha pasi, akanyoosha shuka la kwanza, akalikunja na kuinama. Safari hii alilaza shavu la kulia. La kushoto lilikuwa na mwenyewe.