Gichovi Ndani ya Tone la Nduma

Asubuhi hiyo Ndambiri alilala kifudifudi nyuma ya jiko la shemeji yake Mukami, matope yamemfika kwenye vifungo vya shati, akipiga picha jani la nduma. Kazini, mjini Embu, alipiga picha nyuso za watu kwa ajili ya vipande, vile vitambulisho vya serikali. Siku za mapumziko hakutaka kuona uso wa mtu. Alikuwa amegundua kwamba ukiigeuza lenzi nyuma mbele na kuifunga kwa mpira wa baiskeli, siafu anakuwa mkubwa kama ng'ombe. Shida ni pumzi. Ukipumua tu, ng'ombe amepotea.

Jani la nduma halilowi, hata ulimwagie debe. Maji hujikusanya katikati, tone moja, likitetemeka kama jicho. Ndambiri alizuia pumzi, akapiga.

Alipoisafisha picha chini ya blanketi, alimwona ndani ya tone mdogo wake Gichovi, mume wa Mukami, ameketi akishona suruali. Askari walikuwa wamemchukua Hali ya Hatari ilipoanza, na kambi aliyopelekwa hawakuitaja.

Mukami aliitazama picha, mwiko mkononi.

"Amekonda," alisema. "Na sindano ndivyo inavyoshikwa? Mwambie ageuke nione mgongo."

"Shemeji, mimi napiga picha. Sipigi simu."

"Basi nitamwambia mwenyewe."

Akainama juu ya jani, akasema naye kwa Kiembu, taratibu, kama mtu anayeamsha mtoto mmoja bila kumwamsha mwingine. Picha ya kesho yake, Gichovi alikuwa amegeuka. Mgongo ulikuwa na alama. Mukami hakulia. Alileta punje ya mawele yaliyochemshwa, akaiangusha ndani ya tone. Picha iliyofuata, Gichovi alikuwa ameikumbatia punje kama boga, shavu limejaa.

Ubaya ni kwamba Ndambiri alianika picha zake kwenye kamba ya nguo. Munyi, homugadi aliyelinda kijiji kwa niaba ya serikali, alipopita kuwahimiza wanawake waende kuchimba matuta, akaziona.

"Mama, huyu si mfungwa wa serikali?"

"Ni mume wangu."

"Na anakula nje ya kambi?"

"Angalia vizuri. Yuko ndani."

Munyi akaangalia vizuri, na kweli, alikuwa ndani. Habari ikamfikia Bwana Shauri, afisa wa serikali wilayani, akaja na gari, akapiga magoti matopeni, akahakikisha. Kosa la Gichovi hakulijua, wala hakumuuliza mtu. Aliagiza jani lizungushiwe seng'enge, na Mukami aruhusiwe kumwona mfungwa Jumapili baada ya kanisa, bila kugusa maji.

Jumapili Mukami alikuja amevaa gauni la kanisani. Ndambiri alilala pale pale, jicho kwenye kamera.

"Amechana nywele," alisema.

"Anasema nini?"

"Hasemi kitu. Anakuangalia."

"Basi usiharakishe."

Jua likapanda, tone likaanza kupungua pembeni. Mukami akavua leso ya kichwani, akainyoosha juu ya seng'enge mpaka kivuli kikamfikia mumewe. Munyi, bunduki begani, akaikumbuka amri yote tangu mwanzo. Kivuli hakikutajwa. Akamwacha.

Mkono wa kulia ulipochoka, Mukami aliishika leso kwa wa kushoto.