Maua ya Piko

Munira alimchora mama yake maua ya piko kuanzia viganjani hadi viwikoni, na kila alipopitisha kijiti alihisi vipele vimetutumka chini yake.

"Vinawasha, Mama?"

"Wewe chora," alijibu Bi Sikudhani. "Daktari akiviona atanikatia dripu."

Dripu hiyo iliuamsha mwili upigane na saratani wenyewe, na uvimbe wa pafu ulikuwa umeanza kunywea. Vipele vilizuka baada ya dripu ya tatu. Munira alitaka kupiga simu hospitali, lakini hofu ya mama ikamwingia na yeye. Ile methali ya mficha maradhi aliijua, aliimeza.

Asubuhi daktari aliwapokea kwa shikamoo. "Mama umependeza. Harusi ya nani?"

"Ya mpwa wangu, kule Kondoa," alisema Bi Sikudhani bila kupepesa.

Daktari alimshika mkono, akapitisha kidole gumba juu ya ua moja, akakirudisha palepale.

"Vimeanza lini hivi?"

"Wiki mbili," Munira aliwahi, kabla mama hajaongopa tena.

"Mngenipigia siku ileile, ningempa dawa ya kupaka na dripu ingeendelea. Sasa siwezi kujua kipi kimeletwa na dawa na kipi na piko. Leo hatuweki. Piko ikitoka, mrudi."

Bi Sikudhani alimgeukia binti yake. "Inatoka baada ya siku ngapi?"

Munira aliyatazama maua aliyoyachora. Maharusi wa Chang'ombe walimfuata yeye kwa sababu moja tu: piko yake ilikuwa haitoki upesi.