Fungu la Oksijeni

Mwaka 1953 nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, nikifunga vidonda katika zahanati hapa Bagamoyo. Nilikuwa nimekwisha anguka mara moja mtihani wa mtunza chumba cha dawa, na aliyeanguka mara mbili hakuruhusiwa kurudia.

Siku moja kabla ya mtihani wa pili, Mwalimu Bwanausi, aliyetusomesha kila baada ya sala ya alasiri, alituachia zoezi akaenda mazikoni Kaole. Tulibaki wawili: mimi na Dija, mkunga msaidizi. Dija ni mke wa kaka yangu, kwa hiyo alikuwa na ruhusa yote ya kunitania.

Zoezi lilikuwa kuzipa atomu namba za oksidesheni, yaani kila atomu imetoa elektroni ngapi, hiyo ni chanya, au imechukua ngapi, hiyo ni hasi, na jumla iwe sifuri. Mimi niliyesoma mirathi chuoni kwa sheikh niliona jambo jepesi. Oksijeni ndiye mrithi mwenye fungu maalumu: mpe hasi mbili kwanza, wengine wagawane kilichobaki. Kwenye maji nilipata sawasawa. Nikafika kwenye peroksaidi ya haidrojeni, dawa ile itoayo povu kidondani: haidrojeni mbili, oksijeni mbili. Kila oksijeni hasi mbili. Basi kila haidrojeni chanya mbili. Sifuri! Nikapiga mstari.

Dija akachungulia. "Shemeji, haidrojeni ana elektroni ngapi?"

"Moja. Nani asiyejua?"

"Na wewe umemtoza mbili. Ya pili kaiazima wapi?"

"Hesabu imetimia, Dija."

"Imetimia kwa dhuluma. Kadhi gani wewe, unamvua maskini kanzu aliyovaa na ile asiyokuwa nayo!"

"Fungu la oksijeni ni mbili. Mwalimu kasema."

"Kasema kwa kawaida. Hapa oksijeni wameshikana wao kwa wao, na wako sawa, hapana wa kumnyang'anya mwenzake. Kila mmoja kapata moja tu, ya haidrojeni wake."

Nilikata zile mbili, nikaandika moja. Nikamwambia nilikuwa namjaribu.

"Ndiyo, shemeji. Na mwaka jana uliwajaribu wasahihishaji."

Kesho yake swali la tatu lilikuwa hilo hilo. Niliandika hasi moja, nikaeleza sababu kwa mistari kumi na miwili ya Kiswahili safi, kwani mtu aliyesoma haachi jibu uchi.

Chumba cha dawa nilipewa. Karatasi yangu bado ninayo. Pembeni mwa swali la tatu msahihishaji aliandika kwa wino mwekundu: "Sahihi. Namba peke yake ingetosha."