Pombe ya Shukrani

Kasilda alishinda kesi ya shamba bila kumhonga mtu, na Mwakiro nzima ilishangaa. Alikulia kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, akarudi Burundi na watoto wake wawili, akakuta migomba ya marehemu baba yake inavunwa na jirani, Elikana. Bonifasi, mpatanishi wa kilima, yaani kijiji chao, alisikiliza pande zote mbili, akamrudishia shamba. Hakuomba chochote.

"Sasa umupelekee pombe," shoga yake Martha alimwambia. "Huku kwetu kesi ikiisha unashukuru. Bila ivyo watasema we hauna adabu."

Kasilda alichoka kuitwa mtu wa kuja. Akakata mikungu shambani kwake, akaivisha ndizi, akakamua, na kibuyu cha pombe akakipitisha sokoni mchana kweupe hadi kwa Bonifasi. Nani anabeba hongo namna hiyo? Lakini Elikana alimwona, akashtaki. Serikali ilikuwa imetangaza vita dhidi ya rushwa, na vita hivyo vilihitaji mtu wa kukamatwa.

Kasilda na Bonifasi wakaitwa Gitega. Mkaguzi hakuwa mkali hata kidogo.

"Donc, kwa hiyo mama, pombe ulipeleka?"

"Nilipeleka baada ya hukumu, mheshimiwa. Ilikuwa shukrani."

"Mbele ao nyuma, sheria haiangalie iyo. Ulipeleka?"

Bonifasi, aliyekaa kando yake, aliinamia viatu vyake. Kasilda angeweza kukana. Ila kambini aliyemdanganya ofisa alikatwa mgao wa chakula, na mazoea yana taabu.

"Ndiyo," alisema.

Bonifasi akavuliwa kazi, hukumu yake ikafutwa, shamba likarudi kwa Elikana. Mkaguzi akamwambia Kasilda ameisaidia nchi, na masikini wa watu, alimaanisha kweli.

Njia nzima ya kurudi Mwakiro Kasilda alisubiri kulia. Kilio hakikuja. Moyo ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi.

Jumapili, watu walipotoka misani, Elikana alipiga hodi kwa Kasilda, kibuyu mkononi.

"Dada, we ulisema ukweli. Mi siwezi kukaa bila kukushukuru. Ni desturi."

Hakuwa na kejeli yoyote. Martha, aliyekuwa amekuja kumtembelea Kasilda, akaleta vikombe huku akikwepa macho ya mwenzake.

Kasilda akanywa. Aliijua pombe ile, ilitoka kwenye migomba ya baba yake. Alijua inapaswa kumuuma, lakini haikumuuma.

"Magugu ya upande wa mtoni umeshang'oa?" aliuliza.

"Bado. Niko natafuta mutu wa kibarua."

"Nitakuja kesho," Kasilda alisema, akamalizia kikombe.