Kompyuta Iliyoshuliwa Chula

Safiyya alibonyeza kitufe cha kuwashia, feni ikazunguka mara moja, ikagoma. Akabonyeza tena. Ikagoma vilevile, na watu waliojaa ukumbini wakasema "Aaa!" kwa pamoja kama vile penalti imekoswa.

Walikuwa na haki ya kujaa. Kompyuta ya mezani haikuwahi kuonekana kisiwani Chula, na hii Safiyya aliiunda mwenyewe, kwa vipande vilivyokuja kwa boti kutoka Kiunga, kimoja kimoja, vimeviringishwa ndani ya nguo za mitumba. Halafu ilikuwa na kazi. Alasiri hiyo kaka yake Fuadi, aliyekimbilia Ulaya, alikuwa akisikilizwa na afisa wa wakimbizi, na afisa huyo hakuamini kabisa kwamba Fuadi ni mtu wa Chula. Mara ya kwanza ndugu walimtolea ushahidi kwa simu, picha ikakatikakatika, afisa akasema hakuona watu, aliona vivuli. Leo wangeonekana wazi, kisiwa kizima, kwa kamera ya maana. Mama yao, Mwanahija, alikuwa amejipaka wanja tangu asubuhi.

"Itawaka tu," Safiyya alisema. "Kitu kipya hudeka."

Akakagua waya wa sola. Mzima. Akachomoa ramu, akazifuta pini zake za dhahabu kwa kifutio cha shule, akairudisha mpaka ikalia ta! Bado. Akaona plagi ndogo ya prosesa hakuichomeka. Akaichomeka huku akijitukana. Bado. Ndipo akainama karibu, akanusa.

"Nani ametia sifa kwenye kompyuta yangu?"

Ami yake Shuaibu, fundi wa mashua, akainua mkono bila haya. Alipoona kasha lina matundu kila upande, alifanya ambalo mwenye akili yeyote pale angelifanya: alichukua pamba, akaichovya kwenye sifa, yaani mafuta ya papa, akaikandamiza kwa patasi tundu baada ya tundu. Tusimwonee, kazi ilikuwa safi. Hata sisimizi asingepita.

"Ami! Hayo ni ya kupumulia!"

"Chombo kina matundu, nawe wataka kiende? Kitazama hicho!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika kuta. Wakaichokonoa pamba yote kwa sindano za kushonea nyavu, kila mmoja na tundu lake, na ilikuwa raha tupu. Feni ikawa huru. Safiyya akabonyeza. Kimya.

"Hamjaishua," Shuaibu akasema kwa lafudhi ya kwao. "Mchu asishue chombo, kisha atarajie kiende?"

Safiyya akajipiga kofi la paji la uso. Kweli kabisa. Hakuna chombo kilichoundwa Chula kikaanza kazi bila kushuliwa majini, na wao kwa pupa yao walikuwa wamekitua mezani moja kwa moja kama sufuria. Pupa ni kitu kibaya, jamani.

Basi wakaifunga kamba. Fatiha ikasomwa, ubani ukafukizwa ndani ya kasha, halua ikagawiwa. Wanaume wakavuta, wanawake wakapiga vigelegele, na kompyuta ikateleza juu ya magogo kuelekea pwani na skrini yake imefungwa mgongoni. "Hario! Hario!" Maji yalipoifika kiunoni, taa ya kijani ikawaka. Feni ikanguruma.

"Ewaa!" Mwanahija akaruka majini na buibui lake.

Safiyya alinung'unika kidogo juu ya chumvi, maana chumvi hula shaba, kisha akapiga. Ulaya ikapokea. Walionekana vizuri sana: afisa, mwanamke wa miwani, nyuma ya meza yake, mkalimani kando, na Fuadi, amekonda ndani ya koti kubwa.

Feni ilikuwa ikivuta maji upande wa Chula, na maji yakivutwa sharti yatokee mahali. Yalitokea chini ya meza ya afisa. Yalipolowesha zulia, afisa aliuweka mkoba wake juu ya meza akaendelea na maswali. Mkalimani alipanda kiti. Samaki wawili, changu, wakapita katikati ya miguu ya meza. Fuadi akavua viatu.

"Mama, maji ya bamvua haya!"

"Ya bamvua, baba! Bamvua la leo!"

Kisiwa kizima kilishangilia, maana ameyajua maji makuu ya kwao kwa nyayo tu. Kama kuna ushahidi mwingine duniani, waulete! Mwanahija akasukuma sahani ya halua fenini. Ikatokea upande wa pili imelowa kidogo, na Fuadi akaila yote huku machozi yakimtoka. Kisha mama akapenyeza mkono wenyewe, mpaka begani, akapapasa, akamshika mwanawe kisigino.

"Huyu wangu," akamwambia afisa. "Kovu hili alilipata kwenye mwamba huu huu niliosimamia."

Afisa alichungulia chini ya meza, akauona mkono, akaushukuru kwa kufika. Alisema maji ya bahari zote ni ya chumvi. Alisema mama yeyote angesema hivyo. Haikuthibitika kwamba Fuadi anatoka Chula, kwa hiyo ombi lake limekataliwa.

"Basi nirudisheni Chula," Fuadi akasema.

"Mrudisheni!" wakapiga kelele wote, na vigelegele vikaanza upya, kwa kuwa hilo lilikuwa zuri kuliko walivyotumaini. Shuaibu alikwisha kusogeza kamba ya kumvuta.

Mkalimani alitafsiri hayo pia. Afisa akasema haiwezekani. Hurudishwa Chula mtu aliyethibitika kuwa ametoka Chula.

"Atakaa wapi, basi?" Mwanahija akauliza.

Afisa, akikamua soksi, alisema swali hilo si la ofisi yake. Akaomba kwa adabu mkono uondolewe, kuna mtu mwingine anasubiri kusikilizwa. Mwanahija hakuuondoa. Maji yakaanza kupwa, pande zote mbili, naye alikuwa bado amemshika.