Makovu ya Mama wa Wapolandi

Kanisa dogo la Wapolandi, upande wa mashariki wa mji wa Buffalo, Marekani, lilikuwa limebaki na wazee wachache. Wazee hao ndio waliowafungulia Warundi na Wakongo mlango, wakapata misa ya Kiswahili saa sita mchana. Veridiana alikuwa akifagia humo na kufuta vumbi. Kazi hiyo aliipenda kwa sababu haikumdai maneno. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Kigoma, shule akaiacha darasa la nne, na mbele ya watu sauti yake ilikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kitu alichokipenda kuliko vyote mle ndani ni picha ya Bikira Maria kwenye altare ya pembeni. Ilichorwa juu ya ubao, na mababu wa wale wazee waliivusha bahari kwa meli. Uso wa Mama ulikuwa mweusi, mweusi kweli, kama wa shangazi yake, Angelika. Tena kama Shangazi, alikuwa na makovu shavuni. Shangazi alikatwa panga wakati wa vita, na kila Jumapili Veridiana humpaka krimu ya kahawia, ile ya kuficha madoa, mpaka shavu linakuwa laini.

Ijumaa, wazee waliishusha picha ili ibebwe kwenye maandamano ya sikukuu yake Jumapili. Veridiana akaachwa nayo peke yake na kitambaa chake. Aliyatazama yale makovu akadhani kuna mtu mwovu aliyemchana. Akaona haya kwa ajili yake. Atapitaje mbele za watu na uso huo? Akafungua mkoba wake, akatoa ile krimu, akampaka kwa ncha ya kidole.

Jumamosi alirudi na Shangazi kupanga maua. Bibi Halina, mtunza funguo za kanisa, alikuwa amesimama mbele ya picha.

"Makovu ya Mama yako wapi?" aliuliza kwa Kiingereza.

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Veridiana. Shangazi, ambaye Kiingereza alikipata kiwandani, alimfasiria swali hilo na yaliyofuata. Zamani, huko Poland, wanyang'anyi waliipiga picha ya asili ya Mama upanga usoni. Tangu hapo kila anayeichora picha ile humchora na makovu hayo. Wapolandi humtambua kwa hayo.

Veridiana aliufikiria mlango wa kanisa. Kama rangi ya kale imeharibika, nani atawaachia tena mlango wazi? Misa ya Kiswahili itakwisha, na kisa kitakuwa kidole chake.

"Ni mimi," alisema.

"Sema tena," Shangazi akamwambia. "Hata mimi niliye karibu sijakusikia."

"Ni mimi niliyempaka. Kama ninavyokupaka wewe."

Shangazi alijigusa shavu. "Mtoto wewe. Umempamba Mama wa Mungu kama anakwenda harusi ya jamaa zetu mjini Columbus?"

Kisha akamfasiria Bibi Halina, hakuficha kitu, hata habari ya shavu lake mwenyewe. Bibi Halina alilitazama shavu lile kwa muda. Mabega yake yakaanza kutikisika. Veridiana akadhani analia, kumbe anacheka.

"Mwambie si wa kwanza," alisema. "Mfalme wa huko alileta wachoraji wayafute makovu hayo. Wazee wetu husimulia kwamba kila walipoyafuta yalirudi. Hata haya yangerudi yenyewe, ila maandamano ni kesho, tusimchoshe."

Akaleta pamba na mafuta ya zeituni kutoka sakristia. Alidondoshea pamba tone moja, akaipitisha shavuni polepole. Veridiana hakuitazama picha, aliitazama pamba. Ikitoka na weusi, au na dhahabu ya picha, basi rangi imeharibika. Ilitoka na kahawia ya krimu tu. Bibi Halina akachukua pamba nyingine, akapitisha tena, nayo ikatoka safi kama ilivyoingia. Juu ya shavu, kovu la kwanza likaonekana, jekundu, na vanishi yake inang'aa.

"Rangi haijaguswa," alisema Bibi Halina. "Mababu walipaka vanishi ya kutosha. Walitujua."

 Veridiana akaketi kwenye benchi bila kuambiwa.

"Usikae," Shangazi alisema. "Kuna kovu jingine."

Bibi Halina akamnyooshea pamba. Veridiana aliinuka, akadondoshea mafuta, akaanza pembeni, taratibu, kama anavyojua.